Waya wa Pili wa Shangazi Dorkasi

Gulwe,
22 Januari 2024

Mwanangu Yotham,

Mbukwa! Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Josephine, na kwamba tumbo lake linakua bila kumsumbua. Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza kwa pupa, uwele umeota, na mbuzi wa jirani wameshapata habari zake. Baba yako alipita hapa wiki iliyopita akitokea Mvumi. Lile jicho walilomtibu hospitali sasa linaona vizuri mno, kiasi kwamba alikaa akanihesabia mvi. Nilimwambia, mdogo wangu, ungebaki tu na kiwingu chako.

Najua utasema, shangazi, si ungepiga simu? Simu yangu mpaka upige kelele ndipo usikike, na nyumba yangu iko njiani kwa kila aendaye stesheni. Nikikuuliza habari za tumbo la mkeo, kijiji kizima kinajibu. Halafu wewe nilikufundisha mwenyewe kuandika barua, kila likizo, pale mezani kwangu. Nataka kuona kama nilipoteza chaki bure.

Mashine ya gitaa uliyonipa imefika. Habibu kondakta aliipakata njia nzima kama mtoto mchanga, hata abiria wakadhani ndani mna mayai. Nilipoifungua nilicheka peke yangu. Mimi nimepiga gitaa kwenye kwaya hii tangu enzi za kuazima nyuzi, na leo nakanyaga kitufe, sauti inageuka kinanda, nakanyaga kingine, inageuka filimbi! Asante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie.

Lakini inavuma. Ukiiwasha kanisani ni kama umefungua mzinga wa nyuki. Niliiunganisha na waya ule mweusi mnene uliokuwa unatoka kwenye amplifaya ya zamani kwenda kwenye spika. Ncha zake zinaingia vizuri kabisa. Mwalimu Damiani, ambaye tangu zamani ndiye anayetufundisha kwaya, alisikiliza kidogo akasema mashine ni mbovu. Nilimwambia mashine ya mwanangu haiwezi kuwa mbovu. Sasa usiniaibishe. Tena nyuma kuna matundu mengi kuliko ninavyohitaji. Lipi ni la nini?

Msalimie mkweo. Mwambie karanga zake nimezitenga.

Ni mimi shangazi yako,
Dorkasi


Chimwaga,
6 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata Habibu akiwa ananicheka; alisema imefungwa gundi kama ya mitihani. Sisi ni wazima. Josephine anakusalimu, tumbo linaendelea vizuri, ila amekataa kabisa harufu ya samaki na mimi nimekataliwa pamoja nao. Kazi ipo. Kila Jumamosi na Jumapili nafunga vipaza sauti kwenye sherehe za watu, na siku za kawaida nipo kwenye ukumbi hapahapa Chimwaga. Ninafurahi kwamba baba anaona.

Mashine si mbovu, shangazi. Mbaya ni waya. Waya wa spika na waya wa gitaa kwa nje ni mapacha, hata ncha zao ni zilezile, lakini ndani ni watu wawili tofauti. Wa spika una nyaya mbili nene zinazokwenda bega kwa bega bila kinga, kwa sababu unabeba umeme wenye nguvu ambao haujali kelele. Wa gitaa una waya mmoja mwembamba katikati, umevalishwa wavu wa shaba kama soksi. Sauti ya gitaa ni dhaifu sana inapotoka. Bila ile soksi, inaokota kila takataka ya umeme iliyomo kanisani: taa, feni, hata chaja ya simu ya mchungaji. Hao ndio nyuki wako. Wala usifanye kinyume chake, yaani kuuweka waya wa gitaa kati ya amplifaya na spika. Huo utapata moto na mtalia.

Nimekutumia waya mmoja wa gitaa, mzuri, wenye urefu wa kutosha kukufikisha kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Usiuunge na mwingine kuurefusha.

Kuhusu matundu: la kuingizia gitaa umeshalijua; lile dogo lenye picha ya masikio ni la hedifoni, ukitaka kujifunza nyumbani bila kuwasumbua mbuzi. Lile bapa ni la kompyuta, lisahau. Yanabaki mawili makubwa, la kulia, na la kushoto lililoandikwa L na MONO. Wewe tumia la kushoto peke yake, shangazi. Waya mmoja, tundu la kushoto, basi. Sababu yake ni ndefu kidogo, nitakueleza nikija. Na kabla ya kuchomeka, teremsha kwanza sauti kwenye miksa, usije ukawashtua wazee.

Ni mimi mwanao,
Yotham


Gulwe,
11 Machi 2024

Mwanangu Yotham,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Mto ulifurika ukaingia mpaka karibu na reli, barabara ikakatika, na Habibu hakuonekana hadi tukaanza kumwombea. Alipotokea alikuwa amenenepa. Sisi wazima. Uwele wa bondeni umezama, wa mlimani umependeza sana, kwa hiyo sina la kumlaumu Mungu. Josephine ale udongo akitaka, lakini ule wa kichuguu safi, si wa dukani.

Nyuki wameondoka! Nilichomeka waya wako, nikagusa uzi mmoja tu, kanisa zima likageuka. Sauti ni safi, mwanangu, safi kama maji ya mtungi. Emiliana alikuwa ameishika ngoma yake mapajani, akasahau kuipiga. Nimezijaribu sauti zote na nimependa ile namba kumi na mbili, yenye mwangwi. Ukipiga, inajijibu polepole kama mtu anayeitikia kutoka ng'ambo ya bonde. Sitaki nyingine.

Tena tumebarikiwa. Usharika umepata spika mpya mbili kubwa. Moja imefungwa ukutani upande wanaokaa wanaume, nyingine upande wetu wanawake. Nami nimenunua waya wa pili Mpwapwa, wa gitaa, wenye soksi. Nilimfanya muuzaji aufungue ncha nione kwa macho yangu.

Kwaya ipo. Tunajiandaa kwa Pasaka, kisha sikukuu ya mavuno.

Uliahidi kuja. Pasaka utakuja? Nitachinja jogoo.

Shangazi yako,
Dorkasi


Chimwaga,
20 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni na mafuriko, na hongereni kwa spika. Sisi wazima. Josephine amekushukuru kwa ruhusa ya kichuguu, sasa ananitumia kila jioni nikamtafutie, na hapa Chimwaga vichuguu vilivyobaki vina walinzi.

Nimefurahi sana kusikia nyuki wamehama. Ila shangazi, naomba nikuulize mambo mawili matatu, usinifikirie vibaya. Unapopiga unakaa wapi siku hizi, bado palepale mbele karibu na ngoma? Na kwaya inaendaje, mnakwenda pamoja vizuri? Wanaume wanasemaje?

Pasaka sitaweza. Kuna sherehe mbili, na bosi wangu hana mtu mwingine. Hata Jumapili inayofuata sidhani. Nisamehe. Usimchinje huyo jogoo, mwache anenepe.

Mwanao,
Yotham


Gulwe,
22 Aprili 2024

Yotham,

Mimi ni mzima. Uwele umekomaa.

Uliniuliza wanaume wanasemaje. Nilishangaa, maana mimi sikuwa nimekuandikia neno lolote juu ya wanaume kulalamika. Sasa nimejua kwa nini uliuliza, basi nitakujibu.

Siku ya Pasaka, katikati ya wimbo, Damiani aliinua mkono akaisimamisha kwaya. Katikati ya wimbo, mbele ya Wakristo wote!

"Gitaa linatuvuta nyuma," akasema.

"Linamvuta nani?" nikamuuliza.

"Sisi wote wa huku."

"Huku kwetu hakuna anayevutwa," Emiliana akadakia. Na unajua kwetu ngoma ni ya wanawake, na Emiliana alizaliwa nayo. Kama mimi ningekuwa nachelewa, wa kwanza kujua angekuwa yeye; tunakaa magoti yakigusana.

Lakini haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwezi wa pili kila mazoezi ni lilelile. Wanaume wa sauti ya besi wanasema nachelewa, tena wanasema kwa sauti ya upole, ile sauti ya kumwambia mtu mzima kwamba amevaa nguo kinyume. Wanawake wanasema niko sawasawa. Wameanza kutupiana maneno. Wiki iliyopita wanaume waliimba huku wamefumba macho wasinitazame mkono, na bado wakasema nachelewa. Nikaanza kujipima nyumbani, nikipiga huku nahesabu kwa mguu. Mguu na mkono vinakwenda pamoja. Basi kama si mkono wangu ni roho zao. Wamechoka kuongozwa na mwanamke, nikadhani, wanatafuta mlango wa kunitolea.

Juzi nikakutana na Domitila, mke wa Damiani, kwenye mashine ya kusaga. Akanionea huruma. Akaniambia, "Mama, usiumie sana. Mume wangu alishampigia simu Yotham tangu mwezi wa tatu, aje alishike yeye hilo gitaa. Angalau litabaki kwenye ukoo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe! Niliyekushikisha gitaa vidole vyako vikiwa havijafika uzi wa tatu! Ulikuwa unajua wanaume wanasema nini, ukanikalia kimya, ukaniuliza kama askari anayemhoji mwizi ambaye ameshamfunga pingu. Na zile Jumapili zako zenye sherehe, nazo sasa sizielewi.

Inaniuma, Yotham. Nikiwa nimekaa na gitaa ndipo najisikia mtu kamili. Likiwa ukutani mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, mwenye mbuzi. Sikukuu ya mavuno nitapiga, kwa kuwa nimeahidi. Baada ya hapo naliweka. Kama unalitaka, njoo ulichukue mchana kweupe.

Dorkasi


Chimwaga,
25 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, nami najibu leo ili Habibu aondoke nayo asubuhi. Kwanza habari njema: Josephine amejifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti. Wote wazima. Jina bado.

Alinipigia, ni kweli. Zaidi ya hapo sisemi. Mwalimu Damiani ni mtu mzima, alinifundisha kuimba, na maneno yake kwangu ni yake.

Lakini shangazi, tafadhali, kabla hujaliweka gitaa nisikilize juu ya jambo moja. Nimeisoma barua yako ya mwezi wa tatu upya. Uliandika kwamba umenunua waya wa pili, na mimi nikapita juu yake kama mtu aliyeruka shimo bila kuliona. Waya huo wa pili umeuchomeka wapi? Nadhani najua. Una matundu mawili, spika mbili, na kanisa lenye pande mbili. Ukaona si haki wanaume wapewe waya na wanawake wakose, au wanawake wapewe na wanaume wakose. Kwa hiyo kwenye miksa tundu la kushoto ukalipeleka spika ya kwenu na la kulia ukalipeleka spika ya wanaume. Kama nimekosea, ichane barua hii.

Kama sijakosea, sababu ile ndefu niliyoiahirisha ni hii. Ukichomeka tundu la kushoto peke yake, mashine inakusanya sauti yote na kuitoa hapo, nzima, bila kubakiza. Ukichomeka yote mawili, inaanza kugawa. Inadhani inamhudumia mtu mmoja mwenye masikio mawili, aliyekaa katikati. Na hiyo namba kumi na mbili yako ilitengenezwa kwa ajili ya hedifoni: gitaa lenyewe linatoka kushoto, mwangwi wake unatoka kulia. Mtu akivaa masikioni anafurahi sana. Lakini ninyi hamjavaa hedifoni, mmelivaa kanisa.

Upande wenu mnasikia gitaa. Upande wa wanaume hawalisikii gitaa lako hata kidogo, wanasikia mwangwi tu, na mwangwi siku zote huja nyuma. Wakati huohuo ngoma ya Emiliana wanaisikia moja kwa moja, kwa sababu ngoma haina waya. Kwa hiyo ngoma imeshafika, gitaa bado liko njiani. Hawakusingizii, shangazi. Na wewe hujakosea hata pigo moja.

Jaribu hivi. Kwenye mashine kuna kitufe cha mwisho kulia kinachorekodi na kurudia ulichopiga. Kikanyage, piga ubeti, kikanyage tena, kisha acha gitaa lipige lenyewe. Wewe nenda ukakae upande wa wanaume. Na mwalimu aje akae upande wenu. Mwombe aje, usimtume mtu.

Mkishasikia, chomoa waya wa kulia. Acha wa kushoto tu uende kwenye miksa, na kwenye mstari wake kuna kitufe cha kuzungusha chenye alama za kulia na kushoto. Kiweke katikati kabisa. Miksa yenyewe ndiyo itakayozigawia spika zote mbili, sawa kwa sawa. Haki unayoitafuta iko pale, haiko kwenye waya.

Mwanao,
Yotham


Gulwe,
3 Juni 2024

Mwanangu mpendwa Yotham,

Mbukwa, mbukwa tena! Mpe mkono Josephine, mwambie amefanya kazi kubwa. Mtoto mpeni jina mlipendalo ila msimwite Dorkasi, maana wawili tutagombana. Nimetuma uji wa uwele, siagi ya ng'ombe na yule jogoo. Mkitaka mchinjeni, mkitaka mfugeni. Sisi wazima wa afya, na mimi nimelala vizuri wiki hizi zote.

Sikuijibu barua yako upesi kwa sababu niliikasirikia. Uliukisia waya wangu kama vile ulikuwa umesimama dirishani. Matundu mawili, spika mbili, pande mbili: hivyohivyo ndivyo nilivyowaza, na nilijiona nina akili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna aliyenifundisha methali ya asiyesikia la mdogo.

Ikakaa wiki, nikaisoma tena, nikaenda kwa Damiani mwenyewe. Nikamwambia, "Mwalimu, kesho kwenye mazoezi nakuomba ukae upande wa wanawake."

Akanitazama. "Mimi? Katikati ya sauti ya kwanza?"

"Katikati kabisa."

"Watu watasemaje?"

"Watasema umehamishwa kidato."

Akaja. Alikaa kati ya Emiliana na mama mmoja mnene, magoti yamebanwa, kofia mkononi kama mtu aliyepelekwa kuposa. Wanaume wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Mimi nikapiga ubeti, nikakanyaga kile kitufe, gitaa likaendelea lenyewe. Emiliana akaingia na ngoma. Nami nikavuka nikaenda kukaa kwenye benchi la besi.

Yotham, nilijisikia nachelewa. Kwa masikio yangu mwenyewe! Ngoma inapiga, halafu mimi, ngoma, halafu mimi, kama mzee anayeitika baada ya mgeni kuondoka. Kumbe ndivyo walivyonisikia tangu mwezi wa pili, na bado waliniambia kwa upole. Ningekuwa mimi ningepiga kelele.

Ng'ambo nikamwona Damiani ameinua kichwa. Anatikisa mguu. Anamtazama Emiliana, anaitazama spika, ananitazama mimi niliyekaa kwa wanaume mikono mitupu.

"Yuko sawa!" akapaza sauti. "Jamani, huyu mama huku yuko sawasawa!"

"Huku nimechelewa!" nikamjibu.

Hapo kila mtu alitaka kuona. Wanaume wakavukia kwetu, wanawake wakavukia kwao, wakapishana katikati ya kanisa wakisukumana na kucheka, na nadhani tangu jengo lile lijengwe hilo halijawahi kutokea. Mchungaji aliyesikia vurugu alikuja akasimama mlangoni, akadhani tumegombana tena. Nilipochomoa waya wa kulia na kuweka kitufe katikati kama ulivyosema, wakaimba ubeti mzima kila mtu akiwa amekaa pasipo pake, na hawakuvutana hata kidogo.

Jana ilikuwa sikukuu ya mavuno. Tuliimba. Sina la kuongeza, ila besi walinitazama mkono wimbo mzima, na mmoja alikuwa akitokwa na machozi, naye atasema ni vumbi la uwele.

Sasa sikia. Baada ya ibada Damiani alinisindikiza mpaka nyumbani, akabeba mashine yeye mwenyewe. Njiani akasema, "Mwalimu, yule mpwa wako ana ulimi."

Nikamuuliza una maana gani.

"Mwezi wa tatu nilimwomba aje akupokee gitaa. Akaniambia, 'Mwalimu, mpiga gitaa mnaye. Siku mtakayomtoa, mimi nitakuwa mtu wa kwanza kutokuja.' Nikambembeleza aje japo Jumapili moja. Akasema hapana, kwa sababu akija tu nitamshikisha gitaa mbele ya watu naye atashindwa kunikatalia mbele za watu. Kisha akaniaga vizuri sana akakata simu."

Nilisimama pale njiani. Basi zile Jumapili ulikuwa unazikimbia kwa ajili yangu. Na nilipokutukana, ulijibu kuhusu nyaya. Ukurasa mzima wa nyaya! Hukuweza kuandika sentensi moja ya kujitetea? Nilipofika ndani nililia, na sioni aibu kukuambia, kwa kuwa hakuna anayesoma barua hii isipokuwa wewe.

Nisamehe, mwanangu. Waya wa pili umetundikwa ukutani. Gitaa haliko ukutani.

Sasa huna kisingizio. Njoo Jumapili yoyote, wala usikae mbele. Kaa upande wa wanaume, nyuma, unisikilize.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Dorkasi


Chimwaga,
17 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama jana jioni, mtoto alilala njia nzima, na Habibu alimpakata kwa muda akasema ni mwepesi kuliko mashine ya gitaa. Josephine ameshaanza uji. Jogoo anafugwa.

Najua tulikuwa pamoja jana tu, lakini tuliondoka kwa haraka na nyumba ilijaa wageni, kuna jambo sikupata nafasi ya kukuambia.

Nilikaa nyuma upande wa wanaume kama ulivyoagiza. Kando yangu alikaa mzee mmoja nisiyemfahamu, nadhani ni yule aliyehamia kutoka Godegode. Ulipokuwa unakaza nyuzi, akaniinamia akaninong'oneza.

"Mgeni?"

"Mgeni kidogo, mzee."

"Basi mwangalie yule mama mwenye gitaa. Walitaka kumtoa, unajua? Wakaenda kumtafuta kijana mmoja huko Chimwaga, wanasema ni fundi kweli wa gitaa. Akakataa."

"Kwa nini alikataa?"

"Nani ajuaye! Kiti cha mbele, gitaa la bure, kanisa zima linakutazama, halafu mtu anakataa." Akatikisa kichwa. "Mpumbavu."

"Mpumbavu kweli, mzee," nikamwambia.

Ndipo ukagusa uzi wa kwanza, akaniwekea mkono gotini ninyamaze.

Mwanao,
Yotham